Injini Iliyokunywa Mfereji

Likizo ya Agosti Dinah aliamshwa kila asubuhi na sauti ya nyanya yake, Gertrude, ikitangaza kwamba jua limeshapita na yeye bado amelala. Jua lilikuwa halijapita popote. Lilikuwa bado liko chini huko upande wa Voi, likitafuta njia ya kupanda mlima. Lakini Nyanya Gertrude alikuwa mwenyekiti wa kikundi cha akina mama wa kijiji cha Wusi, na mwenyekiti hasahihishwi kuhusu mambo ya jua. Basi Dinah alinawa uso kwa maji yaliyomfanya aone nyota, akanywa uji, akajifunga leso kiunoni na kumfuata nyanya yake kwenye mashine ya kusaga ya kikundi.

Kazi yake pale ilikuwa kushika gunia unga ukimiminika, kufagia, na kuita zamu za watu waliokuja na madebe yao ya mahindi. Hakuipenda sana. Kwao Voi, baba yake Elijah alikuwa fundi wa gereji iliyokuwa karibu na stesheni ya reli, na Dinah alikuwa akimpa baba yake spana tangu siku alipoweza kutofautisha namba kumi na namba kumi na mbili. Alijua kwa nini lori linatoa moshi mweusi na kwa nini Peugeot inagoma asubuhi. Alikuwa na umri wa miaka kumi na mitatu, na kwa maoni yake mwenyewe hapakuwa na jambo kubwa lililobaki la kujifunza kuhusu injini.

Kilichomkera ni injini ya Wusi.

Injini hiyo haikuzaliwa kusaga mahindi. Ilikuwa imezeekea baharini, ndani ya boti ya kubeba mizigo huko Mombasa, na mbao za boti zilipooza, akina mama waliinunua injini kwa sababu ilikuwa ya dizeli, ina silinda tatu, na hapakuwa na mtu mwingine aliyeitaka. Ililetwa kwa lori mpaka Mwatate, ikapandishwa kona za mlima huku wanaume wakisukuma na akina mama wakiwaeleza namna ya kusukuma. Ilipofika, mchungaji aliiombea. Kisha ikafungwa kwa nati kwenye saruji, ikavishwa mkanda mrefu uliozungusha kinu, ikaanza kazi. Ilikuwa nzito kama ng'ombe, rangi yake ya kijani imebanduka, na ilinguruma kwa sauti moja kuanzia asubuhi hadi jioni bila kupanda wala kushuka.

Nayo ilikunywa maji. Hilo ndilo lililomtia Dinah hasira. Bomba la mpira, lenye chujio mdomoni, lilikuwa limetumbukizwa katika mfereji uliopita nyuma ya nyumba ya mashine. Injini ilivuta maji baridi kupitia bomba hilo, ikayapitisha tumboni mwake, kisha ikayatema kupitia bomba la chuma lililotokeza ukutani, maji na moshi kwa pamoja, kama mzee anayekohoa huku anakunywa chai. Yale maji yaliyotemwa yalirudi mferejini na kwenda zake chini. Saa nzima, siku nzima, maji yaliingia na kutoka. Lori la kwenda Mombasa, Dinah aliwaza, linatiwa birika moja la maji kwenye rejeta na linafika. Hili dubwana la kijani halikuwa na rejeta, halikuwa na feni, halikuwa na adabu.

Siku moja alimuuliza fundi wa mashine sababu yake. Fundi aliitwa Nyongesa, mtu wa kutoka kando ya ziwa huko Busia, aliyefanya kazi kwenye maboti kabla ya kuja kutafuta riziki katika mashamba ya mkonge. Nyongesa aliijua injini ile vizuri, lakini hakujua kujibu swali. Alianza na mwaka aliozaliwa. Akaja kwa mjomba wake aliyekuwa na boti, akaeleza tabia za mke wa mjomba, akavua samaki kadhaa wakubwa, na alipofika kwenye dhoruba ya kwanza Dinah alikuwa ameshaacha kusikiliza na kuchukua ufagio. Jibu lilikuwa mbele, nyuma ya dhoruba ya tatu. Hakulingoja.

Sasa, mfereji wa Wusi ulikuwa na sheria zake, nazo zilikuwa za zamani kuliko mashine, kuliko kanisa na kuliko barabara. Kila shamba lilikuwa na zamu yake ya maji. Siku yako ikifika, unafungua mlango wako kwa jembe, unaziba wa jirani kwa udongo na vigogo vya mgomba, na maji yanakuwa yako mpaka jioni. Anayeziba mfereji siku isiyo yake huitwa mbele ya watu na kunyang'anywa zamu. Mashine haikuhesabiwa kama shamba, kwa kuwa ilichukua maji na kuyarudisha yote. Hivyo ndivyo wazee wa mfereji walivyoamua, na kila mtu alikubali.

Kila mtu isipokuwa Mzee Reuben.

Shamba la Mzee Reuben lilikuwa la kwanza chini ya mashine, lote limejaa kabeji, na zamu yake ilikuwa Jumatano, siku ambayo mashine ilifanya kazi nyingi kuliko siku zote. Mzee Reuben alikuwa na kipaji cha kulalamika. Alilalamika kwamba kengele ya kanisa inapigwa upande mmoja. Alilalamika kwamba majirani wanaamka mapema ili kumwona yeye akichelewa. Ukimsalimia, alikuuliza kwa nini hukumsalimia jana. Kila Jumatano alipanda mpaka mlangoni pa mashine, akasimama mbele ya foleni, na kusema kwamba maji yanamfikia yakiwa ya uvuguvugu na yananuka moshi, na kwamba kabeji zake zinapikwa kabla hazijafika sufuriani.

Watu walimjibu kwa kumcheka au kwa kutazama milima. Dinah alisaga meno. Kwa nini mzee huyu asinyamaze, na kwa nini injini hii isiwe na rejeta kama injini za watu wenye akili?

Jumatano moja ya kiangazi, Mzee Reuben alikuja akiwa amekasirika kuliko kawaida. Alikuwa na jembe begani, ametoka kusafisha mfereji kule juu. Alisimama mbele ya akina mama wote na kusema, "Siku moja nitauziba mfereji huu kule kwenye chanzo, tuone kama hiyo meli yenu itasafiri."

"Ikizama tutakuita utuokoe, Mzee," alisema Mama Tryphena, ambaye debe lake lilikuwa la pili kwenye foleni, na watu wakacheka. Mzee Reuben akateremka akinung'unika.

Saa chache baadaye mtu akapiga kelele kutoka barabarani kwamba mapipa ya dizeli yamefika na dereva hana subira. Nyongesa alifuta mikono, akamwita Dinah nyuma ya nyumba, na kwa mara ya kwanza katika maisha yake akazungumza kwa ufupi. Alimwonyesha lile bomba la chuma ukutani.

"Simama hapa," alisema. "Tazama maji. Yakiacha kutoka, ingia uvute ule mkono wa chuma, injini izime. Mengine usiguse."

Akaenda.

Dinah akasimama, akatazama maji. Maji yalitoka. Yakaendelea kutoka. Hakuna kazi inayochosha kama kutazama kitu kinachofanya kile kile kilichokuwa kikifanya. Huku chini alimwona Mzee Reuben ameinama kwenye mlango wa shamba lake, anachovya mkono mferejini, ananusa vidole, anatikisa kichwa. Na hapo, mbele yake, palikuwa na pipa tupu la kukingia maji ya mvua.

Wazo lilimjia likiwa kamili, na kwa kuwa lilikuwa lake aliliona zuri sana. Ndani ya gari maji ni yale yale. Yanazunguka tu, yanatoka kwenye injini na kurudi kwenye injini. Kwa nini hapa yasizunguke? Alilivingirisha pipa mpaka chini ya bomba la chuma, akalisimamisha, likaanza kujaa. Lilipojaa, alilichomoa bomba la mpira kutoka mferejini na kulitumbukiza ndani ya pipa. Injini ikakohoa, ikameza hewa kidogo, kisha ikavuta. Maji yalitoka kwenye injini na kuingia kwenye pipa, yakatoka kwenye pipa na kuingia kwenye injini. Mferejini maji yalipita safi, baridi, bila moshi, yakielekea kwenye kabeji za Mzee Reuben. Kwa mkono mmoja, bila mkutano wala wazee, Dinah alikuwa amemaliza ugomvi ulioishinda Wusi nzima. Alijisikia vizuri. Alianza hata kupanga namna atakavyomweleza Nyongesa, kwa maneno machache ili ajifunze.

Maji yaliendelea kutoka. Baada ya muda yalitoka na mvuke kidogo. Hilo Dinah aliliona, lakini aliambiwa aangalie kama maji yanatoka, na maji yalikuwa yanatoka. Mtu asije akasema hayakuwa yanatoka. Kisha mvuke ukawa mwingi. Kisha pipa likaanza kuchemka kama sufuria ya harusi. Ndani, ile sauti moja ya injini ikavunjika, ikawa kugonga, ikawa kukwaruza. Mkanda ulilia. Injini ikatetemeka kwenye nati zake, ikasimama yenyewe, na baada ya hapo pakawa na kimya ambacho Wusi ilikuwa haijakisikia siku ya Jumatano kwa muda mrefu.

Dinah alilichomoa bomba la mpira na kulirudisha mferejini. Alilisukuma pipa kwa mguu likamwaga maji yake yote, akalivingirisha mpaka mahali pake. Haya aliyafanya kwa wepesi mkubwa. Kama angeutumia wepesi huo kuvuta ule mkono, injini ingepona.

Nyongesa alikuja mbio. Aliigusa injini, akaunguza kiganja, akasema jambo kwa lugha ya kwao. Jioni, injini ilipopoa, aliifungua mbele ya akina mama. Gasketi ya juu, ile inayoziba kati ya vyuma, ilikuwa imeungua. Pistoni moja ilikuwa imebanana na silinda. Ndani ya pampu, ule mpira wenye mabawa unaosukuma maji ulikuwa umelainika na kukatika vipande. Nyongesa aliushika kwenye kiganja kilichofungwa kitambaa.

"Injini imekosa maji baridi," alisema.

Hakuhitaji kusema zaidi. Vichwa vyote viligeuka kwa pamoja kutazama chini, kwenye kabeji. Nani aliyesema asubuhi ile kwamba atauziba mfereji? Nani aliyeonekana anatoka kule juu na jembe? Mama Tryphena alisema yeye ndiye aliyemchokoza, lakini hakudhani kama mzee anaweza kufika huko. Nyanya Gertrude alisema tu kwamba Jumapili baada ya ibada watakutana wote hapo, akina mama na wazee wa mfereji, na Mzee Reuben aitwe.

Dinah hakulitaja pipa. Hakudanganya, hakuna aliyemuuliza habari za pipa. Nyongesa alikuwa amemuuliza kama maji yaliacha kutoka, naye akajibu kwamba hayakuacha, jambo ambalo lilikuwa kweli tupu. Nyongesa alidhani kwamba mtoto alisinzia, na akamhurumia. Usiku Dinah alijieleza kwamba Mzee Reuben ni mtu wa kuudhi, kwamba alitishia kwa mdomo wake mwenyewe, kwamba lazima atajitetea na kuachiwa. Mtu hawezi kuadhibiwa kwa jambo ambalo hakulifanya. Wazee wataona tu. Alijieleza hivyo siku ya pili na ya tatu pia, na kila alipomaliza kujieleza ilimbidi aanze upya.

Jumapili ilifika. Watu walikaa kwenye magunia na mawe mbele ya mashine wakiwa bado na nguo za kanisani. Adhabu ilijulikana kabla ya mashtaka kusomwa: anayeziba mfereji hunyang'anywa zamu mpaka mvua zinyeshe. Katika kiangazi kile maana yake ilikuwa kwamba kabeji za Mzee Reuben, ambazo ndizo zilizomlisha na kumvisha, zingekauka zikiwa na ukubwa wa ngumi.

Dinah alikaa nyuma akisubiri mzee ajitetee. Alichokisikia kilimfanya atamani kupasuka. Mzee Reuben hakujitetea, aligombana. Alisema kwamba alisema ataziba, hakusema ameziba, na asiyejua tofauti arudi shule. Alipoulizwa alikuwa wapi saa zile, alisema alikuwa shambani kwake, na kama watu wa Wusi wangekaa mashambani kwao badala ya kuchunguza ya wenzao pasingekuwa na njaa. Alimwambia mzee wa mfereji kwamba mbuzi wake ni mwizi. Aliyataja mahubiri ya siku ile kuwa marefu. Kila neno lilimpunguzia rafiki mmoja, na hakuwa na wengi wa kupunguza. Nyamaza, Dinah alimwomba moyoni, sema tu kwamba hukufanya. Lakini mzee hakuwa mtu wa kuombwa, hata moyoni.

Mzee wa mfereji aliuliza kama kuna shahidi wa kumtetea. Hakuna aliyeinua mkono. Hapo Mzee Reuben alifungua kinywa, watu wakajiandaa kutukanwa, lakini matusi hayakutoka. Alitazama chini kwenye shamba lake.

"Zile kabeji hazina kosa," alisema, akakaa.

Dinah alijua namna ya kumkasirikia Mzee Reuben anayegomba. Huyu aliyenyamaza hakujua amfanyeje. Alijikuta amesimama. Miguu yake ilikuwa imesimama kwanza, bila kumshauri.

"Si yeye," alisema. "Ni mimi. Maji ya mfereji hayakuzibwa. Nilitoa bomba mferejini nikalitia kwenye pipa."

Watu waligeuka wakamtazama kwa namna inayomfanya mtu ajue ana viatu vibaya. Nyanya Gertrude hakugeuza uso. Nyongesa aliinuka taratibu.

"Pipa lipi?"

"Lile la mvua."

"Na maji yalikuwa yanatoka?"

"Yalikuwa yanatoka, Fundi. Yalikuwa yanatoka moto."

"Moto," alisema Nyongesa. Alitazama mbinguni kama mtu anayetafuta shahidi. "Mtoto wa fundi. Kwa nini ulifanya hivyo?"

Dinah alieleza. Alieleza kwamba gari halinywi mfereji, kwamba maji ya rejeta ni yale yale kila siku, na kwamba alitaka maji ya Mzee Reuben yasinuke moshi. Alivyozidi kueleza ndivyo lile wazo lake kamili lilivyozidi kuwa dogo.

Nyongesa alikuwa amekasirika mno kuanza na mwaka aliozaliwa, na huo ulikuwa msaada kwa wote. Aliwauliza watu, gari likikimbia, nini kinapiga uso wake? Upepo, walijibu. Basi huo upepo, pamoja na feni, ndio unaopoza maji ya rejeta. Maji yanazunguka, lakini kila yakizunguka yanapozwa. Boti je? Injini ya boti inakaa tumboni, chini ya mbao, kama mtu aliyefungiwa stoo. Upepo haufiki. Lakini nje ya mbao kuna nini? Kuna maji ya ziwa zima, kuna bahari nzima. Waliotengeneza boti waliona hakuna haja ya rejeta. Injini inachota maji baridi, inajipoza, inayatupa na moto wake, inachota mengine. Haijui kutumia maji mara mbili.

"Pipa lako halina upepo wala feni," alimwambia Dinah. "Ni sufuria. Ulichemsha maji kwa injini, kisha ukainywesha injini hayo hayo."

Akaendelea. Lori linapanda mlima, halafu linateremka na kupumzika. Boti haina mteremko. Maji yanaisukuma nyuma wakati wote, na injini yake ni kama lori linalopanda kona za Wusi kutoka asubuhi hadi jioni. Ndiyo maana inafaa kuzungusha kinu, kwa kuwa kinu nacho hakina mteremko. Lakini ndiyo maana pia, siku ikikosa maji baridi, haina mahali pa kuvuta pumzi.

Watu walitikisa vichwa kukubali, kama waliojua siku zote. Nyanya Gertrude akauliza, kwa sauti ya mwenyekiti, kama Fundi alimwambia mtoto aangalie pia joto la maji. Nyongesa alifikiri, akasema alimwambia aangalie yakiacha kutoka.

"Basi kosa hili lina mikono miwili," alisema Nyanya Gertrude. "Lakini pipa lilirudishwa mahali pake kwa mkono mmoja." Akamtazama mjukuu wake kwa mara ya kwanza. "Hilo la pipa ndilo linaloniuma. Kuharibu injini ni ujinga, na ujinga hutibiwa. Kulirudisha pipa, hiyo haikuwa bahati mbaya."

Dinah alikaa chini.

Mzee wa mfereji alitangaza kwamba zamu ya Mzee Reuben inabaki ilivyokuwa. Mzee Reuben aliinuka, akauliza ni nani atakayemlipa kwa kupotezewa Jumapili yake, akaondoka bila kungoja jibu. Lakini kabla hajafika mbali Nyongesa alimwita. Alisema kuna jambo moja mzee amekuwa akilisema kila Jumatano na yeye amekuwa akilijibu kwa kucheka: maji yananuka moshi. Ni kweli yananuka. Ndani ya boti maji na moshi hutoka bomba moja ili moshi upoe usichome mbao, na bahari hailalamiki. Hapa hakuna mbao za kuchoma, na chini kuna mtu anayekula kabeji. Injini ikitengenezwa, atautoa moshi kwa bomba lake juu ya paa, na maji yatarudi mferejini peke yake. Mzee Reuben alisikiliza mpaka mwisho, akasema kwamba ingefaa jambo hilo lifikiriwe mwaka jana, akateremka.

Injini ilichukua muda kupona. Nyongesa alisafiri kwenda Mombasa kutafuta mpira wa pampu. Elijah, baba yake Dinah, alipanda kutoka Voi na gasketi na vifaa vyake, na hakumpiga binti yake. Alimpa spana za kupangusa, moja moja, bila kumsemesha, jambo ambalo Dinah aliliona baya kuliko fimbo. Siku zote hizo akina mama walikwenda kusaga Mwatate, na Dinah alikwenda nao, debe kichwani, akateremka mlima mzima na kuupanda wote. Alijifunza kwamba lori likipanda kona za Wusi lina haki ya kulia. Na jioni, Nyongesa alipokaa na baba yake kando ya injini iliyofunguliwa na kuanza kueleza habari za maboti tangu mwaka aliozaliwa, Dinah alikaa chini na kusikiliza. Alisikiliza mjomba, mke wa mjomba, samaki na dhoruba zote tatu. Nyuma ya dhoruba ya tatu jibu lilikuwapo, refu na sahihi, kama lilivyokuwa siku zote.

Jumatano ya mwisho ya likizo mashine iliunguruma tena. Bomba jipya lilitoa moshi juu ya paa. Nyuma ya ukuta maji yalitoka safi, na Dinah, ambaye sasa ndiye mlinzi wake rasmi, aliyakinga kwa kiganja kila mara: baridi kidogo yakianza, vuguvugu baadaye, wala si zaidi ya hapo.

Alipozunguka kurudi mbele alimkuta Mzee Reuben amesimama wa kwanza kwenye foleni na debe lake. Alimwamkia kwa heshima, "Shikamoo, Mzee." Mzee akaitikia akitazama kando, akauliza kama siku hizi watu wanasagiwa au wanasalimiwa tu.

Dinah aliingia ndani amevimba kwa hasira. Alimwambia nyanya yake kwamba amesimama mbele ya Wusi nzima kwa ajili ya mzee yule, akapandisha na kuteremsha madebe kwa ajili yake, na hata asante moja hajaisikia.

Nyanya Gertrude aliacha kushona gunia. "Ulisimama ili upewe asante?"

"Hapana, Nyanya. Lakini hata moja?"

"Nisikilize. Mtu akipendwa na wote, kila mmoja atasimama kumtetea, na hakuna sifa katika hilo. Mtu wa kuchosha kama Reuben ndiye anayebebeshwa makosa ya wengine, kwa kuwa ni rahisi kuamini kwamba ni yeye. Sote tuliamini. Mimi mwenyekiti niliamini. Haki yake haikuwa zawadi ya kumpa akiwa na tabia nzuri. Ilikuwa yake tangu mwanzo, na wewe ulikuwa umeikalia. Uliposimama, ulimrudishia tu. Mtu aliyerudishiwa kilicho chake hana deni la asante." Aliuma uzi, akaukata. "Ulichelewa siku nne. Mara nyingine usimame siku ile ile, hata kama unayemsimamia anaudhi. Na ukitaka kujua jambo, ngoja jibu liishe kabla hujashika pipa. Umenielewa?"

"Nimeelewa, Nyanya."

"Basi usimcheleweshe mteja."

Dinah akatoka mlangoni. Mzee Reuben alikuwa ameanza kumweleza Mama Tryphena kwamba foleni hii imepinda. Dinah alilibeba debe lake kwa mikono miwili, akaliinua mpaka kwenye mdomo wa kinu, na kuyamimina mahindi yake yote bila kudondosha punje. Mzee alikuwa wa kwanza kufika, na zamu ilikuwa yake.